Shajara ya mradi: Siku ambazo sura hukaa mezani (Lubumbashi, 2024–2025)

12 Oktoba 2024: Tunakoanzia

Tuko wanne. Wawili tunasoma masta, mmoja anamalizia DEA, diploma ya kuelekea udaktari katika mfumo wa zamani, na wa nne ni CT, yaani shefu wa travo, mwalimu wa chuo aliye chini ya profesa, ambaye amejiandikisha kwa udaktari (PhD) na ambaye sisi watatu tunamwita yaya, yaani mkubwa wetu, kwa ajili ya umri wake na kwa sababu ndiye aliyetufundisha namna ya kufanya utafiti. Tumekubaliana kukusanya maelezo ya wanafunzi wa ngazi ya juu hapa Lubumbashi kuhusu jinsi programu zao zinavyokwenda kwa kweli, kisha kuyaweka katika kijitabu ambacho mtu anayetaka kujiandikisha ataweza kukisoma kabla hajalipa. Orodha ya kozi hubandikwa ukutani, na kila mwenye macho huisoma. Habari ambazo hazibandikwi popote ni za yale yanayotokea kozi zikishakwisha, mwanafunzi anapobaki peke yake na memwari yake, yaani andiko la utafiti la kumalizia masomo, na msimamizi mmoja.

Kwa msomaji asiyeijua Kongo, maelezo machache yanahitajika. Katika mfumo wa zamani, mtu alisoma miaka 3 ya gradua na miaka 2 ya lisansi, kisha akaweza kuendelea na DEA au DES kabla ya udaktari. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 ndiyo iliyoweka msingi wa mfumo wa LMD, ambao vyuo kwa jumla viliingia katika mwaka wa masomo wa 2021–2022: lisansi miaka 3, masta miaka 2 yenye krediti 120, udaktari miaka 3. Watu wa mifumo yote miwili bado wanakutana katika ukumbi mmoja na mbele ya maprofesa walewale. Wengi wao si vijana waliotoka tu darasani. Ni walimu wa sekondari, waajiriwa wa kampuni za madini, watumishi wa mashirika, na zaidi ya wote wasaidizi wa vyuo na taasisi za mikoani, ambao wanajua kwamba bila udaktari hawatafika kamwe kwenye cheo cha profesa.

Kila mmoja wetu ametoa franka 60,000, na kwa hiyo mfuko una franka 240,000. Tumeamua kuzungumza na watu wa vyuo vitatu, na hatutavitaja vyuo hivyo popote, wala hapa wala katika kijitabu. Barua za ruhusa zilichukua majuma matatu na mihuri minne. Sina zaidi la kusema juu yake.

2 Novemba 2024: Hojaji iliyorudi ikiwa imenyooka mno

Tulianza na hojaji ya Kifaransa yenye kurasa 4, nakala 60, kila ukurasa franka 100 kwenye fotokopi, jumla franka 24,000. Ilikuwa na maswali 32, na mengi yalimtaka mtu atie alama kuanzia 1 hadi 5: je, unaridhika na kozi, na usimamizi, na maktaba, na ratiba? Zilirudi nakala 22. Tulipozipanga juu ya meza tuliona safu ndefu za namba 4, karatasi baada ya karatasi, kana kwamba mtu mmoja alizijaza zote katika alasiri moja.

Tulijipongeza kwa muda wa siku mbili. Kisha nikakutana kwenye kituo cha taxi-bus na mmoja wa waliojaza, mtu mzima, mwalimu wa hisabati, ambaye karatasi yake naikumbuka kwa sababu alitia 4 hata mahali palipomtaka aandike maneno. Basi lilichelewa, naye akaanza kusimulia: jinsi sura yake ya pili ilivyopotea katika ofisi, jinsi alivyoambiwa ailete tena, jinsi alivyoiandika upya kutoka katika daftari la mkono kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa imeibwa. Alisimulia kwa zaidi ya nusu saa. Nilipomuuliza kwa nini hakuandika hata neno moja la hayo yote, alinitazama kwa mshangao wa kweli akasema: «Lakini ile karatasi ilitoka kwa sekretari.»

Hapo ndipo tulipoliona kosa letu. Ili kuokoa nauli, tulikuwa tumewaomba makarani watusaidie kugawa hojaji, na makarani haohao ndio wanaoandika majina ya waliolipa na wasiolipa. Mtu aliyepokea karatasi kutoka mkono ule hakuiona kama karatasi yetu. Aliiona kama karatasi ya ofisi, na ofisi hujibiwa 4. Zile nakala 22 hatuzitumii. Anayetaka kuiga kazi hii asipitishe chochote mikononi mwa utawala, hata kama ni kwa nia njema, hata kama utawala wenyewe umejitolea.

23 Novemba 2024: Mazungumzo ya kwanza, na mvua juu ya mabati

Tumeacha hojaji na kugeukia mazungumzo ya ana kwa ana, kwa Kiswahili, katika nyumba ya mhojiwa au mahali atakapochagua mwenyewe. Hadi leo tumefanya saba. Manne yamefaa, matatu yameharibika.

Mawili yaliharibiwa na mvua. Tulijua, kama kila mtu wa mji huu anavyojua, kwamba mvua hushika mwezi wa Novemba, na bado tukapanga mazungumzo saa kumi alasiri, ndani ya nyumba zenye mabati yasiyo na dari. Simu iliyokuwa mezani ilirekodi mvua kwa uaminifu mkubwa, na sauti ya mhojiwa ikasikika chini yake kama mtu anayesema kutoka katika chumba kingine. La tatu liliharibika kwa sababu simu ilijaa picha na ikaacha kurekodi dakika ya kumi na mbili bila kututaarifu. Tumenunua kadi ya kumbukumbu kwa franka 14,000, tumehamisha mazungumzo yote yawe saa mbili au saa tatu asubuhi, na simu sasa tunailaza juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na mdomo wa mhojiwa, si katikati ya meza. Umeme ukikatika wakati wa jioni majirani huwasha jenereta, na jenereta ni mbaya kuliko mvua, kwa sababu mvua angalau hunyamaza.

Kosa jingine lilikuwa katika swali lenyewe. Tulikuwa tunauliza: «Ulimaliza lisansi mwaka gani?» Swali jepesi, tulidhani. Lakini aliyesoma zamani anapotaja lisansi anasema juu ya miaka mitano baada ya sekondari, na aliyesoma katika LMD anasema juu ya miaka mitatu. Hivyo tulikuwa tukiwaweka katika safu moja watu ambao mmoja ametangulia mwingine kwa miaka miwili ya masomo. Kwa baadhi ya wahojiwa tofauti hiyo inawauma. Mmoja wao, mwenye lisansi ya zamani, aliambiwa aanze masta pamoja na vijana ambao alikuwa amewafundisha mwenyewe akiwa msaidizi. Alisimulia jambo hilo huku akicheka, kisha akaomba tusiliandike, kisha mwishoni akasema tuliandike. Sasa tunauliza: «Ulisoma miaka mingapi baada ya diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, na kila mwaka uliitwaje?» Ni swali refu, lakini halidanganyi.

14 Desemba 2024: Karatasi ya tarehe

Baada ya mazungumzo kumi tuliona kwamba maneno yote yanarudi mahali pamoja. Watu hawalalamiki sana juu ya kozi, ingawa kozi zenyewe zina mambo yake: profesa mgeni hufika, hufundisha saa zote za kozi katika juma moja kuanzia asubuhi hadi jioni, huacha silabusi ya kununua, hupanda gari na kuondoka, na mtihani hufanywa kabla vichwa havijapoa. Hata hivyo wahojiwa huyapita haya kwa haraka, kama mtu anayesimulia homa aliyokwisha kupona. Wakifika kwenye memwari, sauti hubadilika, na neno linalojirudia ni moja: *kungoja*.

Shida ni kwamba neno hilo halina kipimo. Mmoja alisema alingoja «sana», naye tulipomfuatilia tukakuta alingoja siku 19. Mwingine alisema msimamizi wake «hana neno», na sura yake ilikuwa imekaa miezi mitano. Tulielewa kwamba tukiandika kijitabu cha «sana» na «hana neno», msomaji hatajua chochote zaidi ya alichokuwa anajua.

Kwa hiyo yaya alipendekeza tuache kuuliza maoni na tuanze kuuliza tarehe. Tumetengeneza karatasi ya ukurasa mmoja, yenye safu tano: sura au sehemu iliyotolewa, siku iliyotolewa, njia iliyotumika, yaani mkononi, kwa barua pepe au kwa WhatsApp, siku iliyorudi na masahihisho, na ushahidi. Nakala 40, franka 4,000. Ni kitu cha bei nafuu kuliko vyote tulivyonunua, na ndicho kilichouokoa mradi.

Safu ya tano haikuwepo katika karatasi za kwanza. Tuliiongeza baada ya mhojiwa mmoja kutupa tarehe zote kwa kichwa, bila kusita hata mara moja, kisha mkewe, aliyekuwa akichambua maharage pembeni, akasema kwa upole: «Papa, mwezi ule ulikuwa Kolwezi.» Tarehe tatu kati ya sita zilikuwa za uongo ambao mwenyewe hakuujua. Tangu siku hiyo hatuandiki tarehe yoyote isipokuwa iwe imeonekana mahali: ujumbe wa WhatsApp wenye siku yake, barua pepe, nakala yenye muhuri wa kupokelewa, au hata tiketi ya basi la siku ya kupeleka sura. Mtu akifungua simu yake na kurudi nyuma hadi ujumbe wa kwanza aliomtumia msimamizi wake, mara nyingi hunyamaza kidogo. Tumejifunza kutomsemesha wakati huo.

18 Januari 2025: Kuandika sauti

Saa moja ya mazungumzo inatuchukua saa tano hadi sita kuiandika. Tulijaribu programu ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Ilituletea kurasa zilizoonekana nadhifu, lakini mhojiwa alipochanganya Kiswahili cha hapa na Kifaransa, kama tufanyavyo sote, programu ilibuni maneno yake yenyewe. Tuliifuta baada ya jaribio la pili.

Tatizo la mwandishi wa kibinadamu lilikuwa la namna nyingine. Mmoja wetu alisoma miaka kadhaa Dar es Salaam, na yeye ndiye aliyepewa rekodi nyingi kwa kuwa anaandika upesi. Mhojiwa alisema: «Alinirudishia sura nyuma ya myezi tano, alikatala juu ya karatasi.» Mwenzetu alisahihisha kimoyomoyo akaandika kwamba msimamizi alikuwa *nyuma* ya jambo fulani na kwamba alikataa jambo lililoandikwa *juu* ya karatasi. Mtu wa Lubumbashi aliyekuwa akisema alikuwa na maana nyepesi kabisa: baada ya miezi mitano, msimamizi alikataa kwa sababu ya karatasi, yaani karatasi ya malipo haikuwepo. Sentensi nzima ilikuwa imegeuka. Tulirudia kusikiliza rekodi zote tisa alizoziandika na tukasahihisha mahali 31.

Baada ya hapo tulibishana kwa jioni mbili. Wahojiwa kadhaa walikuwa wametuomba «tutengeneze» Kiswahili chao kiwe bora kabla ya kuchapa, kwa sababu mtu wa masta haoni vizuri kuonekana katika maandishi akisema kama anavyosema katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Yaya alikuwa upande wao. Mimi nilikuwa upande mwingine, na bado niko huko: mtu aliyesema «nyuma ya myezi tano» amesema jambo kamili, na tukimvalisha Kiswahili cha redio tunamwondoa katika mji wake. Tumeafikiana hivi: maelezo yetu yako katika Kiswahili sanifu, maneno ya wahojiwa yanabaki yalivyosemwa kwa tahajia moja tuliyoichagua, na mwishoni mwa kijitabu kuna ukurasa mmoja unaoeleza maneno kama *juu ya*, *nyuma ya* na *kukatala*. Mhojiwa asiyetaka maneno yake yabaki hivyo anaweza kuyaandika upya kwa mkono wake. Wawili wamefanya hivyo.

22 Februari 2025: Kosa kubwa

Niliandike bila kulipunguza. Mwanzoni mwa mwezi tulimaliza rasimu ya kwanza, nasi tukaituma kwa watu sita tuliowaamini ili waisome. Majina yote yalikuwa yameondolewa. Katika ukurasa wa 9 palikuwa na maelezo ya mama mmoja, mwenye watoto wanne, anayefundisha Likasi na kusafiri kila Jumamosi kuja darasani, ambaye alisimulia jinsi alivyolazimika kubadili mada ya memwari mara mbili. Kwetu sisi alikuwa amefichwa. Lakini programu yake ina wanafunzi watano, na yeye ndiye mwanamke pekee. Mmoja wa wale sita alimpelekea rafiki yake ukurasa ule kwa WhatsApp, rafiki akaupeleka mbele, na kabla ya siku kwisha ukurasa ulikuwa umemfikia msimamizi wa mama yule.

Alinipigia simu usiku. Hakupaza sauti. Alisema: «Mulisema jina yangu haitatoka. Jina haikutoka, lakini miye nilitoka.»

Kesho yake yaya na mimi tulikwenda Likasi. Nilitaka kueleza kwanza, yaya akanizuia na kusema kwamba mkosaji haanzi na maelezo. Tuliomba radhi mbele ya mama mkwe wake, kisha tukauliza anataka nini. Alitaka kila kitu chake kiondolewe, nasi tumekiondoa: ukurasa wote, nukuu mbili za mahali pengine, na rekodi yenyewe, ambayo tuliifuta akiwa anatazama. Karatasi yake ya tarehe ndiyo pekee aliyoturuhusu kubaki nayo, kwa kuwa haina jina wala mada. Uhusiano wake na msimamizi, kwa jinsi alivyotueleza baadaye, haukuvunjika, lakini hilo halitokani na busara yetu.

Tumeweka kanuni ambayo ningemwomba kila atakayeiga kazi hii aianze nayo badala ya kuimaliza nayo. Jambo lolote linalomhusu mhojiwa, iwe kazi, mji, idadi ya watoto, mwaka au mada, linabaki katika maandishi ikiwa tu linawahusu angalau wahojiwa watatu. Lisipowahusu watatu, linaondoka, hata kama ndilo linaloupa ukurasa uhai. Pili, kila mhojiwa husoma ukurasa wake kwenye karatasi, mbele yetu, na karatasi inarudi nasi. Tatu, rasimu haitumwi tena kwa simu. Kanuni ya kwanza imetunyang'anya hadithi zetu nzuri kuliko zote, nasi tumeziacha ziende.

Katika mwezi huuhuu tulikuwa tumepanga kuwapigia simu wanafunzi wanane wa Goma na Bukavu ili kulinganisha. Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari, tuliacha. Tulizungumza na mmoja tu, ambaye alipiga yeye mwenyewe. Hatukumuuliza kuhusu memwari.

29 Machi 2025: Profesa na rundo lake

Tulikuwa tumejiwekea sharti la kusikiliza angalau msimamizi mmoja. Wanne hawakujibu. Wa tano alitukaribisha nyumbani kwake, akatuonyesha rundo juu ya kabati, lenye urefu kama wa mtoto wa miaka mitatu, akatuambia hizo ndizo memwari na tasnifu zinazomngoja. Anasimamia kazi 19. Mbali na chuo chake anafundisha kwa majuma ya mfululizo katika miji mingine mitatu, kwa sababu huko maprofesa hawatoshi na kozi lazima itolewe. «Siwezi kusoma memwari katika basi la kwenda Kolwezi,» alisema, «na nikirudi mnanikuta nimelala.» Kisha akachukua sura moja kutoka katikati ya rundo na kutuonyesha kwamba masahihisho aliyoyaandika mara ya kwanza yamerudi kwake vilevile, bila kuguswa. Akauliza: «Na mwenye sura hii alikaa nayo siku ngapi?»

Hatukuwa na jibu, na jambo la aibu ni kwamba tungeweza kuwa nalo. Tangu Desemba tulikuwa na siku ambayo kila sura ilirudi kwa mwanafunzi, na katika mstari unaofuata tulikuwa na siku ambayo mwanafunzi alitoa sehemu nyingine. Ilitosha kutoa tarehe moja katika nyingine. Katika miezi mitatu hakuna hata mmoja kati yetu wanne aliyefanya hesabu hiyo, kwa sababu tulikuwa tunatafuta kosa mahali pamoja tu, na karatasi tuliichora kwa kulitafuta huko.

Tumeifanya juma hili. Wahojiwa wote ni 17. Waliotupa karatasi zenye ushahidi wa kutosha ni 11. Karatasi hizo zina sura zilizotolewa 37, na kati ya hizo 31 zilirudi na 6 bado hazijarudi. Ukipanga muda ambao wasimamizi walikaa na sura kuanzia mfupi hadi mrefu, wa katikati ni siku 26, na mrefu kuliko yote ni siku 214. Ukipanga muda ambao wanafunzi walikaa na masahihisho kabla ya kutoa tena, mara 23 tulizoweza kupima, wa katikati ni siku 41, na mrefu kuliko yote ni siku 302. Watu 11 si mji, na namba hizi hazisemi lolote juu ya wasiokuwemo. Lakini juu ya hao 11 zinasema waziwazi.

Tulirudi kwa wahojiwa wanane kuuliza kuhusu zile siku ndefu zilizokuwa zao wenyewe. Tulitazamia watu wakasirike, na mmoja alikasirika. Waliobaki walitoa sababu ambazo hatukuwa tumeziuliza kwa sababu hatukujua kuwa zipo. Wanne walikuwa na masahihisho mkononi lakini walikuwa na deni la ada, na mwenye deni huepuka njia inayopita mbele ya ofisi, kisha huepuka hata simu ya msimamizi, asije akaulizwa. Wawili hawakuweza kuyasoma masahihisho. Mwandiko wa pembeni ulikuwa hausomeki, nao waliona haya kurudi kuuliza. Mmoja aliwekwa zamu ya usiku kwenye mgodi kwa miezi minne. Tumebadili mpangilio wa kijitabu. Sura iliyokuwa inaitwa «Wasimamizi» sasa inaitwa «Sura iko kwa nani?», na imegawanyika katika sehemu mbili zisizolingana, kwa kuwa ile ya wanafunzi imekuwa ndefu zaidi.

Nimeongeza hapo pendekezo moja la utendaji ambalo wahojiwa watatu wamelijaribu na limewafaa. Masahihisho yakirudi, omba dakika kumi palepale, yasome kwa sauti mbele ya msimamizi, na yaandike upya kwa mwandiko wako. Asipokuwa na dakika kumi, piga picha kila ukurasa na umtumie maswali siku hiyohiyo, kabla haya haijaingia.

24 Mei 2025: Kuchapa, hesabu na kilichobaki

Kijitabu kina kurasa 28. Tumechapa nakala 80 kwenye fotokopi, franka 2,800 za kurasa na 1,200 za jalada na pini kwa kila nakala, jumla franka 320,000. Hesabu nzima ni hii: hojaji iliyotupwa 24,000, karatasi za tarehe 4,000, kadi ya kumbukumbu 14,000, vinywaji vya wahojiwa 17, kila mmoja franka 2,000, jumla 34,000, simu na intaneti 45,000, nauli, pamoja na safari ya Likasi, 88,000, uchapaji 320,000. Yote pamoja ni franka 529,000, kama dola 185 kwa bei ya leo. Mchango wa kwanza haukufika hata nusu, kwa hiyo kila mmoja ameongeza franka 60,000 nyingine. Franka 49,000 zilizopungua ni deni kwa mwenye fotokopi, naye amekubali tulipe hadi mwisho wa Julai. Anayepanga kuiga asifikiri kwamba kukusanya ndiko kunakogharimu; uchapaji umekula zaidi ya nusu.

Kati ya sura 6 zilizokuwa hazijarudi mwezi Machi, 2 zimerudi. Wahojiwa wawili wametetea memwari zao. Mama wa Likasi ameomba nakala tatu, na hakusema ni za nani.

Karatasi ya tarehe iliyo tupu imewekwa mwishoni mwa kijitabu, na yeyote anaweza kuinakili bila kutuomba ruhusa. Lakini kuna jambo la kurekebisha kwanza. Katika ukurasa wa 17, mstari wa nne, namba zimebadilishana: tumeandika kwamba wasimamizi walikaa siku 41 na wanafunzi siku 26, na ukweli ni kinyume chake. Kosa ni langu, nililifanya nikichapa usiku, na watu wanne walilisoma bila kuliona kwa sababu ndivyo sote tulivyokuwa tunatazamia iwe. Tumezisahihisha nakala 68 kwa kalamu. Nakala 12 zilikuwa zimekwisha kutoka, nyingi zikiwa kwa watu wa mwaka wa kwanza wa masta. Aliye nayo akate 41, aandike 26, na mahali pa 26 aandike 41.